Kapteni Amelazwa

Kuna watu waliomcheka Jared kwa kuwa mpishi wa mbwa. Na wacheke. Mimi sijaona bado mtu aliyepika kwa adabu kama yule mzee, na nimekula kwa wengi wanaowapikia watu bila adabu hata chembe.

Kwanza, mbwa alikuwa na sufuria yake. Ilikuwa nyeusi, ya mikono miwili, imebonyea ubavu mmoja, na haikuwahi kuonja chumvi wala kitunguu tangu itoke dukani kwa Mhindi kule Thika. Memsahib, mwenye mbwa, ndiye aliyepiga marufuku. Alisema kitunguu ni sumu kwa mbwa, na chumvi haimfai. Mara mbili kwa wiki Jared alishuka Ruiru kwa mwenye bucha kuchukua kichwa cha ng'ombe. Alikipasua kwa shoka, akakiweka kwenye mafiga nyuma ya jiko la memsahib, akakiacha kichemke tangu asubuhi mpaka nyama iachane na mfupa yenyewe, bila kubembelezwa. Halafu aliketi juu ya debe na kupapasa nyama yote kwa vidole, kama mwanamke anayechagua mchele, kwa maana kipande kidogo tu cha mfupa uliopikwa kinaweza kumtoboa mbwa matumbo. Mafuta aliyaengua. Supu aliirudisha motoni, akakoroga unga wa mahindi, mzito kuliko uji na mwepesi kuliko ugali, akaparuza karoti mbili za bustanini. Meno ya mbwa yalipoanza kung'oka, Jared akaongeza kazi nyingine ambayo hakuna aliyemtuma: akawa anapitisha nyama kwenye mashine ya kusagia, ile ya memsahib ya kufungwa mezani. Mwisho alidondosha kidogo juu ya kiganja chake kupima moto, kama mama anayempimia mtoto maziwa.

Alifanya haya yote na hakuonja hata siku moja. Chakula cha mbwa ni cha mbwa, alisema, na yeye alikuwa na posho yake.

Mwenye mbwa alikuwa mama mmoja Mzungu, mjane, mwenye shamba la kahawa juu kidogo ya Ruiru. Jina lake lilikuwa gumu, na wafanyakazi hawakujisumbua nalo. Walimwita Bibi Kofia, kwa sababu hakuna aliyewahi kuona nywele zake. Mbwa naye aliitwa Kapteni. Zamani walikuwa wanne, walioletwa kulinda nyumba miaka mitano kabla ya Hali ya Hatari kutangazwa, wakubwa, wa rangi ya kahawia, wenye nywele za mgongoni zinazoota kinyumenyume. Wenzake walikuwa wamekwisha, mmoja kwa nyoka, wawili kwa uzee. Alibaki Kapteni peke yake, jicho moja lina ukungu, sikio moja halisikii, na mlinzi wa namna hiyo hata mwizi angemhurumia.

Alibaki Jared pia. Nyumba za watumishi zilikuwa safu ya vyumba sita nyuma ya miti ya mikaratusi. Kabla ya taabu kuanza, vyumba vyote vilikuwa na watu, na jioni ungesikia kicheko na harufu ya vitunguu mpaka barabarani. Mwaka wa hamsini na tatu Wakikuyu wote waliokuwa wakifanya kazi nyumbani kwa Wazungu wa sehemu ile waliondolewa. Mburu, mtunza bustani, rafiki mkubwa wa Jared, alipandishwa lori asubuhi mpira wa maji ukiwa bado unamwaga juu ya maua. Jared ndiye aliyekwenda kufunga bomba. Hakumwona Mburu tena, wala hakuna aliyethubutu kuuliza. Jared mwenyewe hakuguswa, kwa kuwa alikuwa Mbukusu wa Kimilili, mtu wa mbali, asiyekuwa na kiapo cha wapiganaji wala kesi. Aliachiwa vyumba sita na hakuachiwa mtu hata mmoja wa kumwambia kwamba leo chai imekuwa tamu.

Basi alimwambia Kapteni. Yule mbwa alikuwa na godoro lake ndani kwa memsahib, lakini kila alasiri alijikokota mpaka mlangoni kwa Jared, akajitupa chini, puu, akaweka kichwa juu ya kiatu cha mzee. Jared alimzungumzia Kibukusu. Alimweleza habari za mvua ya Kimilili, bei ya ng'ombe, na makosa ya kanisa. Akimaliza, Kapteni alipiga mkia chini mara moja, na Jared akasema, "Nilijua utakubali."

Mtu mwingine aliyempitia ni Wakonyo, mama wa Kikuyu aliyechuma kahawa. Wakati huo watu wake walikuwa wamefungiwa katika kijiji kilichozungushiwa handaki, na wachumaji waliletwa asubuhi na kurudishwa saa kumi. Wakonyo alikuwa na ulimi usio na likizo.

"Njaredi," alisema, akichungulia sufuria. "Hii mbwa inakula nyama, na watoto yangu wanakula mahindi kavu. Wewe hausikii aibu?"

Jared alisikia aibu, tena sana. "Mama, mimi ni mtu wa kutumwa. Chukua kidogo, weka kwa kikapu."

"Haina chumvi! Kai, kwani mimi ni mbwa? Siku utatia chumvi, uniite."

Akaenda zake akicheka, na kicheko kile kilimtosha Jared mpaka kesho yake. Mtu mpweke hushiba kwa kidogo.

Sasa nitasema jambo ambalo Jared hakumwambia Wakonyo, wala mtu mwingine yeyote. Alimwambia Kapteni tu.

Mwaka wa hamsini na nne, siku ya Alhamisi, alipata barua kutoka kwa shemeji yake Philip, aliyekuwa mwalimu. Iliandikwa hivi: *Shemeji, dada Nakhumicha amelazwa katika hospitali ya misheni. Hali yake si nzuri. Tunampelekea chakula kila siku lakini anakirudisha, anasema si mkono wako. Anauliza kama unakuja.*

Kwao, na kwetu pia, mgonjwa aliyelazwa haachiwi hospitali impikie. Hospitali ina dawa. Chakula ni kazi ya watu wake. Wanakuja na sufuria iliyofungwa kitambaa, wanakaa kando ya kitanda, wanamwangalia akila. Asiyeletewa kitu, wagonjwa wenzake humtazama na kujua kwamba huyu hana mtu. Na Nakhumicha alikuwa ameolewa na mpishi.

Jared alikwenda moja kwa moja barazani, barua mkononi. Bibi Kofia alikuwa anahesabu glasi, maana mumewe, aliyekuwa hai bado, alikuwa amealika wageni. "Memsahib," Jared alisema, "mke wangu amelazwa. Naomba ruhusa niende nyumbani."

Bibi Kofia hakuinua macho. Alikuwa na Kiswahili chake kile cha mashambani, kisichojua mwanzo wala mwisho wa neno. "Ah," alisema. "Kama nalala, mzuri. Wacha yeye nalala. Wageni nakuja Jumamosi. Ngoja wageni nakwenda."

Ngoja ngoja huumiza matumbo. Jared alingoja. Alioka, alikaanga, alibeba sinia. Wageni waliondoka Jumatatu, na Jumanne, akiwa bado anafuatilia cheti cha kusafiria, barua ya pili ikafika. Nakhumicha alikuwa amezikwa Jumapili. Memsahib alipoambiwa kwamba mke wa mpishi amekufa, alisikitika kweli, akampa wiki nzima ya likizo na kopo la majani ya chai. Jared alipokea kwa mikono miwili, akasema asante, na tangu siku ile aliamini kwamba kifuani mwa yule mwanamke kuna jiwe. Alimtumikia vizuri vilevile. Ila hakumwomba kitu tena.

Mwaka wa hamsini na sita, Bwana akiwa ameshakufa kwa moyo, habari zikaenea kwamba Bibi Kofia ameuza shamba na anarudi Ulaya kabla ya Krismasi. Vitu vya nyumbani vikabandikwa karatasi: hiki cha kuuzwa, hiki cha meli, hiki cha kutupwa. Jared alizunguka nyumba nzima na kitambaa chake cha vumbi, akisoma karatasi zile kidogo kidogo, akitafuta jambo moja tu. Kapteni hakuwa na karatasi.

Hapo ndipo tamaa ilipomwingia, na tusimlaumu. Alikuwa anarudi Kimilili, kwenye nyumba ambayo haina mtu. Watoto hakuwa nao. Alitaka kwenda na yule mbwa. Alishawaza kila kitu: behewa la treni ambalo linaruhusu wanyama, kamba, sufuria nyeusi, na mahali pa kumlaza Kapteni karibu na mlango, kwenye jua la asubuhi. Kilichobaki kilikuwa kuomba tu, na kuomba ndiko kulikomshinda. Kila siku alitengeneza maneno jikoni. "Memsahib, kama huyu mbwa hana pa kwenda..." Akifika barazani, maneno yanageuka: "Memsahib, chai iko tayari."

Wiki ya kwanza ya Desemba, Kapteni alishindwa kusimama. Miguu ya nyuma ilikataa kabisa. Jared alimlisha kwa kijiko, akamsugua kwa mafuta ya moto, akajiambia, ataomba siku mbwa atakapopata nafuu. Nani humwomba mtu mgonjwa wake?

Jumatatu asubuhi Bibi Kofia aliingia jikoni mwenyewe, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Macho yake yalikuwa mekundu. "Jared, saidia mimi. Leo mimi napeleka Kapteni Thika. Daktari nataka laza yeye."

Neno hilo alikuwa amelijifunza zamani kutoka kwa yaya, enzi watoto wake walipokuwa wadogo na wakilazwa kila jioni saa moja. Lakini Jared hakuwa yaya. Aliposikia *laza* pamoja na *daktari*, moyo wake ulikwenda mahali pamoja tu.

"Atalazwa siku ngapi, memsahib?"

Bibi Kofia alivuta kofia chini kuficha macho. "Siku yote," alisema, akageuka haraka.

Siku zote ngapi, Jared alijiuliza. Labda tatu. Labda wiki. Alimfunga Kapteni kwenye blanketi, akambeba kama ndama mpaka kwenye gari, akamlaza kiti cha nyuma. Mbwa alimlamba kidevu. Bibi Kofia alishika usukani huku machozi yanamtiririka chini ya kofia, na Jared akashangaa kwamba Wazungu wanaweza kumlilia mbwa hivyo kwa sababu ya kulazwa tu. Akainama dirishani, akamwambia Kapteni kwa Kibukusu, "Usiogope. Kesho nitakuletea."

Jioni ile gari lilirudi tupu. Bibi Kofia alisema hataki chakula, akafunga mlango wa chumba chake.

Siku ya pili, alfajiri, Jared aliwasha moto. Safari hii hakuacha kitu. Aliweka maini, aliweka moyo wa ng'ombe, aliparuza karoti mpaka zikawa laini kama udongo wa mto, alisaga nyama mara mbili. Wakonyo, akielekea kwenye mistari ya kahawa, alisimama akanusa.

"Ngai! Leo ni arusi?"

"Kapteni amelazwa Thika. Nampelekea chakula."

Wakonyo alifungua kinywa atoe mzaha, akamtazama mzee usoni, akaumeza. "Haya. Akule apone," alisema.

Jared alimkuta memsahib barazani, bado na nguo za jana. "Memsahib, nataka kwenda Thika." Hakusema tafadhali, wala hakueleza. Alikuwa ameamua kwamba hata akiambiwa angoje, hatangoja. Bibi Kofia alipunga mkono tu. "Kwenda," alisema.

Lori la shamba lilikuwa linapeleka kahawa kwenye kinu cha Thika. Dereva wake, Erastus, Mtaita mpole mwenye tumbo, alimpa nafasi mbele. Sufuria ilikaa juu ya magoti ya Jared, imefungwa kitambaa cheupe cha meza, na joto lake lilipita mpaka mapajani.

"Ni mtu wako?" Erastus aliuliza.

"Ni mtu wangu," Jared alijibu, wala hakuona kama amedanganya.

Kabla ya Thika walisimamishwa kwenye kizuizi. Siku zile, kubeba chakula kingi kulikuwa karibu kosa, kwa sababu chakula kilikuwa kikipelekwa kwa wapiganaji msituni. Askari aliona sufuria akanyoosha kidole.

"Teremka. Hiyo ni nini?"

"Chakula ya mgonjwa, afande. Amelazwa."

"Mgonjwa mmoja anakula sufuria yote hii? Fungua."

Jared alifungua. Mvuke ulipanda, na askari, ambaye bila shaka alikuwa hajanywa hata chai, alimeza mate. Halafu akakumbuka kazi yake. "Kula wewe kwanza. Tuone kama haina kitu."

Mzee alisimama pale barabarani, katikati ya magari. Miaka tisa alikuwa amepika kile chakula bila kukionja. Alichota kwa vidole vitatu akatia mdomoni. Kilikuwa laini, kitamu kwa namna ya mbali, namna ya kitu kilichosahau jambo moja.

Askari naye alichota, akakunja uso. "Haina chumvi!"

"Mgonjwa amekatazwa chumvi."

"Maskini," askari alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya mtu. "Pita, mzee. Mwambie tumempa pole."

Erastus alimshusha karibu na kituo cha daktari wa mifugo, nje kidogo ya mji, akaahidi kumpitia akishapakua mzigo. Kilikuwa jengo la bati lenye ua wa waya. Ndani ya ua mbwa wawili wa watu wengine walibweka. Jared alinyoosha koti, akapangusa sufuria kwa mkono wa shati, akabisha. Aliyefungua alikuwa kijana wa Kikuyu aliyevaa koti la kaki lenye madoa ya dawa. Alijiita Ephantus, msaidizi wa daktari.

"Karibu, mzee. Umeleta mnyama?"

"Nimekuja kuona mgonjwa. Ni Kapteni, yule wa memsahib wa Ruiru. Alilazwa jana."

"Alilazwa?" Ephantus alikunja paji. "Mzee, hapa hatulazi. Hakuna mahali. Hao wawili kwa waya wanangoja wenyewe mchana."

"Memsahib alisema daktari atamlaza. Nimemletea chakula." Akaonyesha sufuria, kana kwamba ni cheti.

Ephantus aliangalia kile kitambaa cheupe, akaangalia viatu vya mzee vilivyopakwa rangi, na akaelewa. Wengine wangecheka. Yeye alitoa kofia.

"Mzee wangu, keti kidogo."

"Nitaketi nikimwona."

"Wazungu husema hivyo," Ephantus alisema taratibu. "Mbwa akiwa mzee, hawapendi kusema auawe. Wanasema alazwe. Alale. Daktari alimdunga sindano jana saa nne. Hakulia. Tulimzika huko nyuma kwa mikaratusi. Sikujua ana mtu."

Jared alibaki amesimama.

"Alikuwa mgonjwa sana?"

Ephantus alisitasita. Angeweza kudanganya, na pengine ingekuwa afadhali. "Ni miguu tu, mzee. Uzee. Angepata mtu wa kumtunza, angekaa mwaka, labda miwili. Lakini mama alisema anasafiri, na hakuna mtu wa kumwachia."

Hakuna mtu wa kumwachia. Maneno haya Jared aliyabeba mpaka kwenye lori, pamoja na sufuria, pamoja na blanketi ambalo Ephantus alimrudishia likiwa limekunjwa vizuri. Erastus aliona sufuria imejaa vilevile, akawasha gari bila kuuliza. Njiani mzee alilia, wazi kabisa, uso mbele, bila kujipangusa, na dereva aliendesha polepole kuliko kawaida.

Pale kwenye kizuizi askari yule alimwona kwa mbali, akainua mti bila kuwasimamisha.

Bibi Kofia alikuwa bado barazani, ameketi chini kwenye ngazi, karibu na godoro la mbwa. Alipomwona Jared na kitambaa chake cha meza, alishangaa.

"Wewe nakwenda wapi na kitambaa yangu?"

"Nilimpelekea Kapteni chakula, memsahib."

"Kapteni nakufa, Jared. Mimi naambia wewe. Daktari nalaza yeye."

"Ulisema analazwa." Jared aliweka sufuria chini, kwenye ngazi. "Kwetu, kulazwa ni kuwekwa kitanda cha hospitali. Mtu akilazwa, watu wake wanampelekea chakula. Anakula, anapona, anarudi nyumbani."

Bibi Kofia aliweka mkono mdomoni. "Wewe nataka Kapteni?" aliuliza mwishowe.

"Nilitaka kwenda naye Kimilili."

"Kwa nini hapana sema?" Sauti yake ilipanda, ikakatika. "Mimi nauliza watu yote. Nauliza jirani, nauliza Nairobi. Hakuna mtu nataka mbwa mzee. Wewe iko hapa, jikoni yangu, kila siku! Kwa nini hapana sema?"

Mtumishi wa miaka tisa ana majibu yake tayari: samahani memsahib, nilikosa memsahib. Jared aliyatafuta, na siku ile hakuyaona.

"Mara ya kwanza nilisema," alijibu.

"Mara gani?"

"Mke wangu alipolazwa. Nilikuja hapa hapa, na barua. Nikasema, memsahib, mke wangu amelazwa, naomba ruhusa. Ukasema, kama nalala, mzuri. Wacha yeye nalala. Ngoja wageni."

Bibi Kofia alimtazama bila kuelewa. Kisha Jared aliona neno lile likimfikia, taratibu, likigeuka ndani ya kichwa chake na kuonyesha upande wake wa pili. Uso wake ukawa mweupe kupita weupe wake.

"Mimi nafikiri... nalala," alisema kwa shida. "Kitanda yake. Nyumbani. Nafikiri nalala tu."

Hakuwa anadanganya. Jared aliwajua watu wanaodanganya, na huyu hakuwa mmoja wao. Kwa miaka miwili alikuwa amembebea yule mwanamke chuki yake kimyakimya, pamoja na chai na sinia, akiamini ana jiwe kifuani. Kumbe hapakuwa na jiwe. Palikuwa na neno tu, moja, lililomchukua Nakhumicha upande huu na Kapteni upande ule. Hilo halikumfariji hata kidogo. Afadhali lingekuwa jiwe, mtu angejua wa kumchukia.

"Jared," alisema Bibi Kofia. "Pole. Pole sana."

"Pole na wewe, memsahib," Jared alisema, naye alimaanisha.

Aliinua sufuria, akakunja kitambaa, akazunguka nyuma ya nyumba. Moto wa asubuhi ulikuwa na makaa bado. Aliupuliza ukawaka, akaweka sufuria kwenye mafiga. Saa ilikuwa inakaribia kumi, na wachumaji walikuwa wanajipanga na vikapu vyao kando ya mikaratusi. Chakula kilipoanza kutoa mvuke, mzee aliingia jikoni, akatoka na kitunguu na kopo la chumvi. Kitunguu alikikatakata humo humo. Chumvi alitia konzi moja, akakoroga, akaonja, akaongeza nyingine.

Halafu akasimama na kumwita Wakonyo.